Utatu wa Virchow: je, ni yeye mwenyewe aliyeuandika?

Mkufunzi_Uuguzi

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninafundisha fiziolojia katika ngazi ya stashahada, na wiki hii nimefika kwenye mada ya kuganda kwa damu ndani ya mishipa. Niliwaandikia wanafunzi ubaoni mambo matatu yanayofanya damu igande mahali isipopaswa kuganda, yaani mtiririko wa damu unapopungua kasi au kusimama, ukuta wa mshipa unapojeruhiwa, na damu yenyewe inapokuwa na mwelekeo wa kuganda upesi kuliko kawaida. Kisha nikasema, kama nilivyofundishwa mimi, kwamba huo ndio utatu wa Virchow, uliotungwa na daktari Mjerumani Rudolf Virchow katika karne ya 19.

Mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono akaniuliza ni katika andiko lipi Virchow alisema hivyo. Sikuwa na jibu. Nilimwahidi kwamba nitatafuta, na nimetafuta kwa jioni mbili mfululizo, lakini kila kitabu ninachofungua kinataja jina lake bila kutaja ukurasa wala mwaka, kana kwamba jambo hilo lilishuka tu na kila mtu akalipokea.

Kwa hiyo naomba msaada wenu. Je, Virchow aliandika utatu huo au hakuuandika? Kama hakuuandika, ni jambo gani hasa alilolithibitisha katika machapisho yake, na alilithibitishaje katika zama ambazo hakukuwa na picha za eksirei wala mashine yoyote ya kuona ndani ya mwili wa mtu aliye hai? Nina pia swali la tatu, ambalo wanafunzi huniuliza kila mwaka nami hulijibu kwa haraka mno: kwa nini bonge linaloanzia mguuni liende kukwama kwenye mapafu, na si kwenye ini, figo au ubongo?

Daktari_Maabara

Mwalimu, nashukuru kwa swali hili, na ninamshukuru zaidi mwanafunzi wako. Mimi ni mpatholojia, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia mezani pa uchunguzi wa maiti, pale pale alipoanzia Virchow. Suala la utatu nitawaachia wanaojua historia ya tiba kuliko mimi, kwa kuwa najua humu jukwaani wapo. Mimi nitajibu swali la pili na la tatu.

Ili kuona uzito wa kazi yake, inafaa kwanza kujua madaktari wa wakati ule waliamini nini. Mwishoni mwa karne ya 18, daktari wa upasuaji John Hunter wa London alikuwa ameeleza jinsi vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, inavyovimba na kujaa usaha baada ya kutobolewa ili kumtoa mgonjwa damu, matibabu yaliyokuwa ya kawaida siku zile. Baadaye Jean Cruveilhier, mpatholojia mashuhuri wa Paris, alilipanua wazo hilo hadi akafundisha kwamba kuvimba kwa vena ndiko kunakotawala patholojia yote. Kwa mtazamo huo, bonge la damu lililokutwa kwenye ateri ya mapafu ya marehemu, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni hadi mapafuni, lilihesabiwa kuwa limezaliwa papo hapo, kwa sababu ukuta wa mshipa wa pafu ulikuwa umevimba na kuigandisha damu iliyopita karibu nao. Ukilitazama bonge lililokwama, na ukuta unaolizunguka umekwisha kubadilika rangi, si rahisi kudhani vinginevyo. Hata mimi, kama ningaliishi wakati huo, naamini ningaliandika hivyo kwenye ripoti yangu.

Virchow, aliyezaliwa mwaka 1821, aliingia kazini katika hospitali ya Charité mjini Berlin akiwa kijana mbichi, na mkuu wake, Robert Froriep, alimpa kazi ya kulichunguza suala hilihili la kuvimba kwa vena. Mwaka 1846, kabla hajatimiza miaka 25, alikwisha kuchapisha maandiko mawili kuhusu kuziba kwa ateri ya mapafu. Hoja yake ilikuwa kwamba mabonge mengi yanayokutwa kwenye ateri hiyo hayakuzaliwa mapafuni. Yalianzia kwenye vena za mbali, hasa za miguu na nyonga, yakakatika, yakachukuliwa na mkondo wa damu, yakapita moyoni, na yakakwama pale njia ilipokuwa nyembamba kuliko yenyewe.

Sasa, alijuaje? Kwanza ni kwa macho na vidole. Bonge lililofanyika mtu akiwa hai halifanani na damu iliyoganda baada ya kifo. La baada ya kifo ni laini na linyevu, linateleza kama jeli, linatoka mshipani lote kwa mvuto mmoja, na mara nyingi lina sehemu nyekundu iliyokoza chini na sehemu ya manjano juu, kwa kuwa chembe nyekundu zimezama kama tope chini ya maji yaliyotulia. Lile la mtu aliye hai ni kavu zaidi, linakatika ukilikunja, na ukilipasua unaona matabaka. Virchow alipolikuta bonge la namna hii kwenye pafu, hakuishia hapo: alizifungua na vena za miguu, akaona kwamba pale lilipobaki bonge la vena, mwisho wake ulikuwa umevunjika, na wakati mwingine sura ya mvunjiko ule ilioana na kipande kilichokuwa pafuni. Tena aliona kwamba ukuta wa ateri ya mapafu mara nyingi ulikuwa mzima kabisa chini ya bonge lililokuwa bado bichi, jambo lisilowezekana kama ukuta huo ndio uliolizaa.

Kuna maelezo yake moja ninayoyapenda sana, kwa sababu nimeyaona kwa macho yangu mara nyingi. Alieleza kwamba bonge likianza katika tawi dogo la vena hukua kuelekea kwenye mshipa mkubwa, mpaka ncha yake inachomoza kupitia mlango wa tawi na kuingia kwenye mkondo unaopita kwa nguvu. Ncha hiyo ni ya duara, imeelea, haijashikamana na ukuta wowote, na damu inayopita inaipiga mchana na usiku. Ukifungua vena ya paja ya marehemu kwa mkasi, taratibu, kutoka kinena kushuka chini, unaweza kuikuta ncha hiyo imekaa mlangoni mwa tawi kama kichwa cha nyoka kinachochungulia shimoni. Ukikuta tawi limejaa bonge lakini ncha haipo, na mwisho wake ni mparuzo usiolingana, basi unajua uende ukaitafute wapi.

Hata hivyo mtu mbishi angeweza kusema kwamba mabonge mawili, la mguuni na la pafuni, yalizaliwa kila moja kwa wakati wake, na kufanana kwake ni bahati tu. Kwa hiyo Virchow akafanya majaribio kwa mbwa. Aliingiza vitu mbalimbali kwenye vena kubwa ya shingo: mabonge ya damu yaliyotolewa kwenye maiti, vipande vya msuli, na vipande vya mpira. Alipowafungua wanyama hao baadaye, alivikuta vitu hivyo kwenye matawi ya ateri ya mapafu. Mwalimu, naomba uwasimulie wanafunzi wako habari ya mpira. Damu inaweza kubishaniwa ilizaliwa wapi, lakini hakuna pafu linalozaa mpira; ukiukuta pale, umesafiri. Ndiyo maana ninaliona jaribio hilo kuwa miongoni mwa majaribio safi kuliko yote katika historia ya patholojia, ingawa leo lisingeruhusiwa kufanywa kwa namna ile.

Ndani ya miaka hiyohiyo alionyesha kwamba jambo kama hilo hutokea pia upande wa ateri, pale vipande vinapotoka kwenye moyo wa kushoto, kwa mfano kwenye vali zenye ugonjwa, na kwenda kuziba mishipa ya ubongo, figo au wengu. Bonge lililozaliwa mahali lilipo aliliita thrombosi, na kile kitendo cha kipande kusafiri na kuziba mshipa wa mbali alikiita embolia. Majina yote mawili tunayatumia mpaka leo.

Swali lako la tatu linajibiwa na ramani ya mzunguko wa damu, na ramani hiyo haikuwa ya Virchow bali ya William Harvey, aliyechapisha kitabu chake kuhusu mwendo wa moyo na damu mwaka 1628. Harvey ndiye aliyefunga mkono kwa kitambaa na kuonyesha kwamba vali za vena zinairuhusu damu kwenda upande mmoja tu, kuelekea moyoni. Kiungo kilichobaki, yaani kapilari zinazounganisha ateri na vena, alikiona Marcello Malpighi kwa hadubini mwaka 1661 katika mapafu ya chura. Sasa lifuate bonge kwa kidole kwenye ramani hiyo. Linaondoka kwenye vena ya shavu la mguu, linapanda kwenye vena ya paja, linapita kinenani, linaingia vena kuu ya chini, kisha atiria ya kulia, kisha ventrikali ya kulia, yaani chumba cha juu na cha chini cha moyo upande wa kulia. Zingatia kwamba katika safari hiyo yote kila mshipa ni mpana kuliko uliotangulia. Hakuna mahali pa kukwama. Njia inaanza kuwa nyembamba mara ya kwanza baada ya moyo, pale ateri ya mapafu inapogawanyika tawi baada ya tawi. Mapafu ndicho kichujio cha kwanza ambacho damu ya miguu inakutana nacho, na bonge linakwama huko kwa sababu ya vipimo vyake tu.

Ini linapokea damu ya vena kutoka kwenye utumbo na wengu, si kutoka miguuni, na kwa hiyo bonge la vena za utumbo huelekea kwenye ini. Na ubongo nao una njia moja ya nadra: takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana upenyo mdogo uliobaki tangu alipokuwa tumboni mwa mama kwenye ukuta unaotenganisha atiria mbili, na bonge likipita hapo linavuka upande wa kushoto bila kupitia mapafuni. Julius Cohnheim, mwanafunzi wa Virchow mwenyewe, aliieleza njia hiyo mwaka 1877.

Msomaji_wa_Historia

Daktari ameeleza vizuri, nami nitachukua swali la kwanza, ambalo jibu lake linawashangaza wengi.

Utatu kama unavyoandikwa katika vitabu vya leo, yaani orodha ya sababu tatu za damu kuganda katika vena, haumo katika maandiko ya Virchow. Mwaka 1856 alikusanya makala zake katika juzuu kubwa lililochapishwa Frankfurt, na humo ndimo ilimo sehemu ndefu kuhusu thrombosi na embolia. Katika sehemu hiyo kuna mahali anapotaja mambo matatu: kusumbuliwa kwa mshipa na sehemu zinazouzunguka, kuganda kwa damu, na kukatika kwa mkondo wa damu. Mtu anayesoma kwa haraka ataruka juu kwa furaha na kusema ndiyo haya. Lakini pale Virchow anazungumzia yanayotokea baada ya bonge kukwama katika mshipa. Anaeleza matokeo, hatafuti sababu. Bonge likikwama, linasumbua ukuta, linavuta damu zaidi igande juu yake, na linaukata mkondo kwa sehemu zilizo mbele. Mpangilio wa utatu tulionao umeyageuza matokeo kuwa visababishi, kisha ukampa yeye.

Waliochunguza jambo hili katika historia ya tiba wameonyesha kwamba jina la utatu wa Virchow lilianza kuzoeleka katikati ya karne ya 20, takriban miaka mia moja baada ya juzuu lile na miongo kadhaa baada ya kifo chake, kilichotokea mwaka 1902.

Naomba niseme wazi kwamba sidai Virchow hakufikiria kuhusu sababu. Alifikiria sana. Aliupa mtiririko wa polepole uzito mkubwa, na aliandika kuhusu mabonge yanayowapata wagonjwa waliodhoofika mno, ambao moyo wao unasukuma damu kwa unyonge, na damu inasimama nyuma ya vali za vena. Kuhusu damu yenyewe pia aliandika mengi, kwa kuwa kemia ya damu ilimvutia tangu ujana wake. Tatizo liko kwenye mguu wa pili wa utatu, yaani ukuta wa mshipa. Kumbukeni maelezo ya Daktari kuhusu Cruveilhier. Vita vyote vya Virchow vilikuwa dhidi ya mafundisho kwamba ukuta wa mshipa uliovimba ndio mwanzo wa kila kitu. Alisema kwamba mara nyingi bonge huja kwanza na kuvimba kwa ukuta hufuata. Kumpa yeye heshima ya kuuweka ukuta miongoni mwa sababu kuu ni kumvisha vazi la mtu aliyekuwa akibishana naye. Hili linanigusa, kwa sababu mtafiti aliyetumia ujana wake kutenganisha kinachotangulia na kinachofuata alistahili kusomwa kwa uangalifu uleule.

Mambo matatu yenyewe ni ya kweli na yanafaa kufundishwa. Ushahidi wake tu ulikusanywa na watu wengi baada yake. Chembe sahani, kwa mfano, ambazo bila yake huwezi kueleza ukuta uliojeruhiwa unafanya nini kwenye damu, zilielezwa kwa kina na Giulio Bizzozero wa Turin mwaka 1882, alipotazama kwa hadubini mishipa midogo ya wanyama walio hai na kuziona zikijishika kwenye jeraha kabla ya kitu kingine chochote. Virchow alipoandika juzuu lake, hakuna aliyekuwa anajua kazi ya chembe hizo.

Muuguzi_Wodini

Mwalimu, mimi si mtu wa historia, ila nimefanya kazi wodi ya upasuaji kwa miaka mingi, na ninaomba uwape wanafunzi wako jambo moja la kushika mkononi.

Katika hospitali niliyoanzia kazi tulikuwa na mgonjwa, mzee aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga. Siku ya tano alilalamika kwamba mguu mmoja unamvuta. Niliutazama, nikaona haujabadilika rangi, nikamwandikia dawa ya maumivu kwenye orodha ya kumwomba daktari, nikaendelea na kazi. Hakuna aliyepima. Asubuhi ya siku ya saba aliinuka kwenda msalani akiwa ameshikiliwa na mwenzangu, akapiga hatua chache, akasema hawezi kuvuta pumzi, akaketi sakafuni. Hatukuweza kumrudisha. Nilikuwa nimeusoma utatu na kuufaulu katika mtihani, lakini nilipousikia mguu ukitajwa sikuifikiria njia ile ambayo Daktari ameieleza hapo juu, mshipa baada ya mshipa.

Tangu siku hiyo natembea na utepe wa kupimia mfukoni. Unatafuta ule mwinuko wa mfupa ulio mbele ya muundi, chini kidogo ya goti, unashuka sentimita 10, unauzungusha utepe kwenye shavu la mguu bila kuukaza, unaandika, halafu unafanya hivyohivyo mguu wa pili. Tofauti ikizidi sentimita 3, unampigia daktari simu saa hiyohiyo. Kipimo hicho peke yake hakithibitishi ugonjwa, na mguu unaweza kuwa na bonge bila kuvimba hata kidogo, lakini tofauti hiyo ni mojawapo ya mambo wanayoyahesabu madaktari wanapokadiria uwezekano wa bonge kabla ya kuagiza vipimo vingine.

Mkufunzi_Uuguzi

Dada Muuguzi, pole sana, na asante kwa kutueleza. Kesho nitaingia darasani na utepe.

Daktari na Ndugu Msomaji, mmenifungua macho. Nina swali moja lililobaki, kuhusu mguu wa tatu wa utatu, yaani damu yenyewe. Katika maabara tunapima muda ambao damu inachukua kuganda kwenye chupa ya kioo. Je, mtu ambaye damu yake inachelewa sana kuganda kwenye chupa anaweza kusemwa kwamba amelindwa dhidi ya mabonge? Wanafunzi wangu wanadhani hivyo, na sina hakika niwajibu nini.

Daktari_Maabara

Mwalimu, swali hilo lina jibu ambalo lilipatikana kwa njia ya huzuni. Katika miaka ya 1950, nchini Marekani, mgonjwa mmoja alipimwa damu kabla ya upasuaji, na damu yake ikachukua muda mrefu mno kuganda kwenye chupa. Ajabu ni kwamba mtu huyo hakuwa na historia yoyote ya kutokwa na damu kupita kiasi. Oscar Ratnoff na mwenzake Joan Colopy walimchunguza, na mwaka 1955 wakachapisha makala kuhusu kigandishi, yaani protini ya damu inayosaidia mgando, ambacho mtu huyo hakuwa nacho, ambacho leo tunakiita kigandishi cha 12. Mwaka 1964 Ratnoff, pamoja na Earl Davie, walikipa kigandishi hicho nafasi ya juu kabisa katika mpango wao wa maporomoko, ambamo kila kigandishi kinakiamsha kinachokifuata. Mwaka huohuo Robert Macfarlane wa Uingereza alichapisha mpango unaofanana na huo. Kwa mpango huo, mtu asiye na kigandishi cha kwanza angetarajiwa asigandishe damu kabisa. Lakini mwaka 1968 mgonjwa yuleyule alianguka kazini, akavunjika nyonga, akalazwa, na akafa kwa embolia ya mapafu.

Sababu ni kwamba kigandishi cha 12 kinaamshwa damu inapogusa kioo, na ndani ya mishipa hakuna kioo. Mwilini kinachoanzisha mgando ni hasa protini iliyo kwenye tishu zilizo nje ya mshipa, ambayo damu inakutana nayo ukuta ukipasuka, na ambayo pia inaweza kuonekana juu ya seli zilizochokozwa ndani ya mshipa wenyewe. Kwa hiyo waambie wanafunzi wako kwamba chupa inapima kitu cha kweli, ila inapima damu iliyoondolewa katika mzunguko wake. Haina ukuta ulio hai, haina mkondo, wala haina vali zenye mifuko ambamo damu inazunguka polepole na oksijeni inapungua, na ni katika mifuko hiyo ya vali, kwenye vena za miguu, ambamo mabonge mengi huanzia. Msuli wa shavu la mguu ukikaza, mifuko hiyo husafishwa. Mtu akilala siku saba bila kuukaza, haisafishwi.

Lakini usiwafanye wakaudharau mguu wa tatu. Mwaka 1965 Olav Egeberg wa Norwe alieleza habari za familia ambayo watu wake walipata mabonge kwa sababu walikuwa na upungufu wa antithrombini, protini inayozuia vigandishi visivuke mpaka. Na mwaka 1994 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walionyesha badiliko dogo la kurithi kwenye kigandishi cha 5 linalokifanya kisizimike kwa urahisi. Hayo ndiyo yaliyoupa mguu wa tatu mifupa yake.

Na kwa kuwa Dada Muuguzi ametuleta wodini, niongeze jambo kuhusu dawa, kwa sababu wanafunzi hulikosea kila mara. Heparini, dawa ya kuzuia mgando, haiyeyushi bonge. Inalizuia lisiendelee kukua, na mwili wenyewe ndio unaolimeng'enya taratibu. Ukirudi kwenye ile ncha inayochomoza kwenye mlango wa tawi, utaona kwa nini jambo hilo tu linatosha kuokoa maisha ya wengi: ncha isiyorefuka haifiki kwenye mkondo mkuu. Mwaka 1960 Barritt na Jordan wa Bristol walichapisha jaribio dogo la wagonjwa 35 wenye embolia ya mapafu. Kati ya 19 ambao hawakupewa dawa za kuzuia mgando, 5 walikufa kwa embolia. Kati ya 16 waliopewa, hakuna hata mmoja aliyekufa kwa embolia. Tangu wakati huo, hakuna mwenye dhamiri aliyeweza kulirudia jaribio hilo kwa kuwanyima wagonjwa dawa.

Mkufunzi_Uuguzi

Asanteni sana. Ndugu Msomaji, la mwisho kabisa: ubaoni niandikeje? Mtihani wa taifa bado unatumia jina la utatu wa Virchow, na siwezi kuwaachia wanafunzi wangu wakose alama kwa sababu ya usahihi wangu.

Msomaji_wa_Historia

Mwalimu, andika kichwa cha habari kama kinavyotajwa katika mtihani, na chini yake mambo matatu kama ulivyozoea, ili kila mwanafunzi alitambue jina hilo atakapokutana nalo. Kisha pembeni mwandikie yule mwanafunzi aliyeuliza mistari miwili. Wa kwanza: "Virchow, 1846: bonge la ateri ya mapafu limesafiri kutoka kwenye vena." Wa pili: "Jina la utatu: katikati ya karne ya 20." Akitaka kuona mahali pale panapofanana na utatu, mwelekeze kwenye juzuu la 1856, katika sehemu ya thrombosi na embolia, na umwambie asome aya nzima tangu mwanzo, ili aone kwamba wakati huo bonge limekwisha kukwama.